Kisigino Hakina Mkwe

Siku niliyokabidhi ofisi, kijana aliyechukua kiti changu aliniuliza aanze kusoma faili lipi. Nikamwambia aanze na lile jekundu kwenye droo ya chini, ndilo lenye kosa langu kubwa kuliko yote. Alicheka kwa adabu, akidhani ni maneno ya mtu anayeagwa. Siku tatu baadaye alinipigia simu, na safari hii hakucheka. Basi naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wenzake mnaofanya hesabu za afya katika wilaya nyingine, ili faili lile mlisikie kwa mdomo wa aliyelijaza.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua.

Nimezaliwa Lufingo, kwenye mteremko ambao ukiangusha ndizi unaifuata kwa jirani. Chuo kikuu kilinichukua kikanirudisha na shahada mbili na tai moja, nikaitwa mchumi wa afya. Hakuna aliyejua maana yake. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa hela. Mjomba alikuwa na tafsiri mbaya zaidi. Alisema, "Kumbe wewe ndiye unayeamua nani apewe dawa na nani aombewe." Nilipinga kwa hasira nikamweleza habari za gharama na manufaa, na za miaka ya maisha yenye afya, mpaka chai ikapoa. Kadiri nilivyokaa kazini ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mjomba alikuwa amesoma kozi nzima kwa sentensi moja.

Kazi iliyonirudisha nyumbani ilikuwa ya kupima kama inafaa kuwachunguza watoto wachanga ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi tunauita siko seli. Wakati huo kwenye semina za mijini watu walikuwa wakizungumzia siku ambayo kila mtoto atasomewa vinasaba vyake vyote kama kitabu, na kila mgonjwa atapewa dawa iliyoshonwa kwa kipimo chake kama suruali. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Sisi wa Tukuyu, mji wa wilaya yetu ya Rungwe, tulianza na herufi moja tu ya kitabu hicho, ile ambayo ikikosewa seli nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, na mtoto akaumwa bila mzazi kujua kinachomuuma.

Niliripoti wodi ya wazazi mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaa juu ya paa kama kuku anayeatamia. Nilivaa tai. Msimamizi wa wodi alikuwa Sista Subilaga, mkunga aliyekuwa ameshazalisha nusu ya watu waliompita barabarani bila kumsalimia. Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, taratibu, akafika kwenye tai akapumzika hapo.

"Umekuja kupima nini?"

"Thamani ya uchunguzi, Sista."

"Haya. Nawa mikono, uje uishike hiyo thamani."

Akaniwekea mikononi mtoto wa siku moja. Tangu siku hiyo aliniita Mchumi, mbele ya wagonjwa, mbele ya mganga mkuu, na mara moja mbele ya mkwe wangu. Hakuwahi kunitaja kwa jina.

Nyinyi mnaopata data zikiwa tayari kwenye kompyuta, nawashauri mkae wiki mbili mahali data inapozaliwa. Mimi nilijifunza kwamba kisigino cha mtoto wa Tukuyu ni cha baridi, na kisigino cha baridi hakitoi damu. Unakifunika kwanza kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu. Unatoboa pembeni, si katikati. Tone la kwanza unalifuta, la pili ndilo unaloliachia lianguke lenyewe kwenye duara la kadi ya karatasi nene, lilowe mpaka upande wa pili. Ukilisukuma, maabara wanakurudishia. Sista alikuwa na namna ya kumwimbia mtoto wimbo wa kanisani akiwa anatoboa, akimalizia kiitikio wakati kilio kinapoanza, hivi kwamba ukisikia kwa mbali ungedhani mtoto naye yuko kwaya.

Taabu ilikuwa kukausha. Kadi ya damu inatakiwa ikauke kabisa kabla ya kutiwa kwenye bahasha kwenda maabara ya Mbeya, na katika wilaya yetu, kama mnavyojua, hata nguo zilizofuliwa Jumatatu huvaliwa Ijumaa zikiwa na unyevu. Kadi za kwanza ziliota ukungu. Mimi, msomi, nikaziweka kabatini chini ya balbu kama vifaranga. Maabara wakazirudisha zote, na barua fupi kwamba joto linaharibu sampuli. Sista aliisoma barua ile akaenda kwake. Kesho yake alirudi na fremu ya mbao iliyotandikwa chandarua, na feni ndogo ya mezani. Mumewe alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai miaka mingi. "Jani la chai halinyaushwi kwa moto," aliniambia. "Linatandazwa, upepo unapita chini." Kadi zikakauka. Mpaka leo fremu ile ipo, chandarua kimebadilishwa mara nyingi, na ripoti yangu ya mwaka ule inaiita "mfumo wa ukaushaji uliobuniwa na timu". Naomba radhi kwa neno timu.

Sasa nifike kwenye faili jekundu.

Vifaa vilikuwa vichache kuliko watoto. Kamati ya mkoa ikaniuliza swali ambalo ndilo nililosomea: je, huku milimani, ambako malaria ni haba, kuna haja ya kumtoboa kila mtoto? Mnajua sababu ya swali. Mwenye kinasaba kimoja cha selimundu haugui ugonjwa huo, na tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kinasaba hicho kimekaa zaidi kwenye koo za nchi za joto: kando ya ziwa, bondeni Kyela, pwani. Anayeugua ni yule aliyepokea viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Nikakaa na hesabu zangu nikaona njia ambayo wakati ule niliiona ni nzuri kama sala. Tuwaulize wazazi asili zao. Mtoto ambaye pande zote mbili zina asili ya nchi ya joto, apimwe. Ambaye upande mmoja hauna, aachwe, kwa kuwa ugonjwa unahitaji pande mbili. Vifaa vingetosha mwaka mzima na vingine vingebaki.

Na kwa kuwa vijana wengi wa huku wamezaliwa hukuhuku, nikaamua turudi nyuma kizazi kimoja. Fomu ikamwuliza mama jina la babu mzaa mama wa mtoto na alikozaliwa. Hilo lilikuwa swali la sita. La saba lilikuwa jina la babu mzaa baba na alikozaliwa. Kisha kompyuta iamue.

Ripoti ile ilisifiwa. Niliitwa kwenye hoteli yenye zulia kuisoma mbele ya watu, nikavaa tai ileile, na bango lenye picha ya mlima wetu na jina langu kwa herufi nzito likabandikwa karibu na meza ya sambusa. Sista Subilaga nilimletea nakala. Aliifungua kwenye picha, akasema mlima umetoka vizuri.

Mwaka mmoja ukapita hivyo, watoto wachache wakipimwa, wengi wakiachwa, na mimi nikiandika kwamba akiba ya vifaa inaongezeka.

Asubuhi moja Sista alinituma mtu ofisini. Nilipofika nilimkuta mwanamke kijana anaitwa Atupele, ameolewa kata yetu ya Lufingo, kijiji cha pili kutoka chetu, amempakata binti wa miezi tisa. Jina la mtoto ni Lugano. Viganja na nyayo za mtoto vilikuwa vimevimba kama mkate, na ukimgusa analia kilio cha mtu mzima. Nyumbani walidhani ni baridi, wakamvalisha soksi. Sista alikuwa ameshatumia kipimo cha haraka, kile cha kitepe kinachotoa jibu ungali umesimama. Alinionyesha kitepe.

Nikaomba fomu yake. Niliitoa mwenyewe kwenye boksi. Swali la sita lilijazwa vizuri: babu mzaa mama, mzaliwa wa Kyela. Swali la saba lilikuwa wazi. Na kwenye programu yangu palikuwa na mstari mmoja, nilioandika mimi kwa mkono wangu alasiri moja nikiwa na haraka ya kwenda nyumbani: nafasi ikiachwa wazi, ihesabiwe hapana. Upande mmoja ndiyo, upande mmoja hapana. Mtoto aachwe.

"Hakujibu," nilimwambia Sista, kama mtu anayejitetea polisi.

Nikamgeukia Atupele nikamwuliza upya. Babu mzaa baba wa Lugano anaitwa nani? Akainamisha kichwa. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti. Akavuta kitenge mpaka usoni. "Mama, ni jina tu," nikasema, na hapo Sista akakohoa kile kikohozi chake ambacho wanafunzi wa uuguzi walikiogopa.

"Mchumi. Mama yako mzazi alimwitaje babu yako?"

Mama yangu hakuwahi kumwita babu kitu chochote. Babu akija kwa njia ya mbele, mama alipita kwenye migomba. Akikohoa uani, mama alikaa ndani mpaka aondoke. Hata jirani mmoja aliyekuwa na jina kama la babu, mama alimwita "yule wa ng'ombe mwekundu" mpaka anazikwa. Kwetu mkwe wa kike humwogopa baba mkwe hivyo. Hamtazami, hapiti alipo, wala halitamki jina lake. Vijana wa mjini wameanza kulegeza, lakini huko Lufingo mambo ni yaleyale. Na mimi, mtoto wa mwanamke yule, nilikuwa nimechapisha karatasi inayomtaka kila mkwe wa wilaya nzima afungue mdomo alitaje jina lile mbele ya mgeni mwenye kalamu, siku moja baada ya kujifungua.

Mgeni kutoka Dodoma angesamehewa kosa lile. Lilimhitaji Mnyakyusa aliyesoma.

Kisha Atupele akauliza, akimwangalia mtoto na si sisi, "Kwa hiyo anaumwa kwa sababu sikumtaja?"

Nimeulizwa maswali na maprofesa, na wakaguzi, na waziri mmoja aliyekuwa na njaa. Hakuna lililokuwa gumu kama hilo.

"Hapana, mama," nikasema. "Ugonjwa amezaliwa nao. Tumechelewa kuujua kwa sababu mimi niliuliza vibaya."

"Wewe ndiye uliyeandika karatasi?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa mvua imeharibu daraja fulani. Halafu akauliza kama Lugano ataishi. Sista alijibu kabla yangu, na nashukuru, kwa sababu mimi ningemjibu kwa wastani. Alimwambia ataishi akipewa dawa yake ya penisilini kila siku bila kukosa, akichanjwa chanjo zote, akinywa maji, na akikimbizwa hospitali kila homa inapomshika. "Kila homa," alirudia. "Hata kama ni siku ya mazishi. Hata kama ni yangu."

Siku ile nilifunga mlango nikapanga fomu sakafuni, zilizojazwa swali la saba upande mmoja na zilizoachwa wazi upande wa pili. Fungu la wazi lilikuwa refu kuliko lingine. Nikaanza kusoma ni akina nani waliojaza. Walikuwa walimu waliohamishiwa huku, wake wa maafisa, wasichana waliozaa wakiwa bado kwa wazazi wao. Wanawake walioolewa vijijini, wakwe wa wakulima, karibu wote walikuwa kimya. Njia yangu nzuri kama sala ilikuwa ikiwapima wageni na kuwapita wenyeji. Akiba ya vifaa niliyoisifia ilikuwa ni heshima ya wanawake kwa wakwe zao, nami nimeiweka kwenye jedwali.

Kwa kuwa mchumi hafi kwa mara moja, kesho yake nilimwendea Sista na dawa ya swali la saba. Tumwulize mume. Kama mume hayupo, tumwulize mama mkwe. Kama hayupo, kadi maalumu ambayo mhudumu wa kijiji atamjazisha babu mwenyewe, kisha iunganishwe na ya mtoto kwa namba. Nilikuwa nimechora na mishale. Alikuwa akipasha kitambaa maji, ana mtoto wa watu mezani. Hakuitazama mishale.

"Mchumi, kisigino hakina mkwe."

Akatoboa, akaanza wimbo wake.

Nimesoma vitabu vingi vya fani yetu, na ninaweza kuwaambia kwamba ndani yake hakuna sentensi iliyonipunguzia kurasa kama ile. Maswali yote saba yalikuwa ni jitihada ya kubahatisha kitu ambacho kisigino kilikuwa tayari kukisema bila aibu, bila kumvunjia mtu heshima, kwa tone moja. Tupime wote.

Kusema ni rahisi. Ilibidi nirudi mbele ya kamati ileile ya mkoa kuifuta ripoti ileile. Hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe, kwa maana wilaya mbili nyingine zilikuwa zikivinyemelea vifaa vyetu, na mtu yeyote angeweza kusema kwamba Rungwe hawana wagonjwa na mchumi wao hajui kuhesabu, mradi ufungwe. Ukifungwa, Lugano angekuwa wa mwisho kujulikana, na wale wa kwenye fungu la kimya wangejulikana mmoja mmoja, kwa uvimbe, au kwa msiba.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye kumbukumbu mbaya kwa upande wangu, maana hakusahau kitu.

"Mwaka jana ulituambia kinyume cha haya."

"Mwaka jana nilihesabu ukimya wa watu kama jibu, mwenyekiti. Leo naomba kuurudisha."

Nikawaeleza habari za wakwe. Wajumbe wawili waliokuwa wenyeji wa huku wakainama kama Atupele. Nao walikuwa wameisoma ripoti ile na kuipitisha. Kisha nikaweka hesabu upya, safari hii nikiingiza vitu nilivyoviacha nje: muda wa mkunga kuuliza maswali saba usiozaa kitu, mafunzo ya fomu, siku ambazo mama analala wodini na shamba linalala naye, damu ya kuongezewa mtoto aliyechelewa kujulikana. Pengo kati ya kuchagua na kupima wote, ambalo kwenye bango la sambusa lilionekana kama bonde, likawa mfereji unaouruka bila kukunja suruali.

Daktari mmoja wa kamati akauliza swali la haki: vifaa vikiisha kabla ya mwaka kwisha, itakuwaje? Sikuwa na jibu zuri, nikakiri. Nikapendekeza, ili kupata hela ya vifaa, uchapaji wa fomu ufutwe, kwani hazihitajiki tena, pamoja na makongamano mawili, moja likiwa langu. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, aliandika. Nilipotoka nje nilikuwa nimeishiwa nguvu kama mtu aliyepasua kuni, na nawaambia bila haya kwamba katika miaka yangu yote sijawahi kujivunia mkutano mwingine. Barua ya kukubali ilikuja baada ya wiki chache, fupi kuliko ile ya maabara.

Zikabaki zile fomu za sakafuni. Kila moja ilikuwa mtoto, mahali fulani kwenye migomba fulani. Tukagawana na wahudumu wa afya wa vijiji, tukatembea. Mvua ilitunyeshea kwa uaminifu. Nyumba nyingi walitukaribisha, baadhi walitukwepa, maana mtu anayekuja na kisindano kumtafuta mtoto mzima wa afya hueleweka vibaya.

Aliyetufungulia njia alikuwa Mzee Ambakisye, baba mkwe wa Atupele. Nilikwenda kwake nikiwa nimeandaa maelezo marefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: kama Atupele angemtaja, mtoto angejulikana mapema? Nikasema ndiyo. Akaniambia nimwache. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, alisimama. Mkwewe alikuwa kwenye mabenchi ya nyuma upande wa kina mama, akainama alipoisikia sauti yake. Mzee akasema jina lake, jina la baba yake, na kijiji cha Kyela walikotoka akiwa mtoto wa kubebwa. Watu walishangaa, kwani wengi walidhani ni mzaliwa wa hapo.

"Wake wa watoto wetu hawawezi kututaja," alisema, "na mimi sitaki waanze. Kwa hiyo nimejitaja. Wajukuu wapelekwe wakatobolewe visigino. Mimi wangu amechelewa."

Akaketi. Wiki ile foleni ya watoto ilifika kwenye bomba la maji nje ya wodi, na wazee waliniamkia wao, mimi niliye mdogo kwao, "Ugonile, Mchumi," wengine wakijitaja mpaka babu wa tatu bila kuulizwa. Niliacha kuwaambia kwamba swali la saba limefutwa. Walikuwa wakilifurahia.

Tuliwapata watoto wengine. Idadi yao iko kwenye faili, nanyi someni huko. Nyumba moja tulichelewa. Tulimkuta mama anapalilia maharage, akatusikiliza, akasema mtoto tunayemtafuta walimzika mwezi wa nne kwa homa. Kisha akatukaribisha ndizi, tukala, kwa sababu kukataa kungekuwa kumwongezea. Fomu yake ndiyo ya kwanza kwenye faili jekundu. Niliiweka juu kwa makusudi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi ya kawaida, na ndiyo niliyoipenda. Ile dawa iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu, niliyoipigia makofi semina, hatimaye ilifika wilayani: vidonge vinavyopunguza mashambulizi ya maumivu, dozi ikihesabiwa kwa uzito wa mtoto na kurekebishwa kwa majibu ya damu yake. Wenzetu wa mijini wana mashine za kusoma vinasaba. Sisi fundi wetu mshonaji ni mizani ya kliniki, na kila mtoto anapoongezeka kilo suruali inarefushwa. Kila nilipopita dirisha la dawa nikasikia dozi ya Lugano imepandishwa, nilirudi mezani kwangu nikiwa mrefu kidogo.

Sista Subilaga alistaafu kabla yangu, akakataa sherehe, akachukua wimbo wake akaenda kulima migomba upande wa Igogwe. Wakunga wapya wanatoboa wakiimba nyimbo za simu zao. Damu inatoka vilevile.

Nami nikafika zamu yangu. Wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi ofisi, mke wa mwanangu alijifungua katika wodi ileile. Mke wangu aliingia ndani na chupa ya uji. Mimi nilibaki nje, nimeegemea ukuta karibu na bomba la maji, kwa sababu baba mkwe haingii alikolala mkwewe. Nimesoma, nimesafiri, na nilisimama pale nje saa nzima kama babu yangu angesimama.

Ilikuwa siku ya kliniki. Lugano alikuja na sweta lake la shule na chupa ya maji aliyoning'iniza shingoni. Ana miaka kumi na moja sasa, anapenda kuniuliza vitu.

"Babu Mchumi, mbona husogei ndani?"

"Mkwe wangu yumo."

Akaelewa, akaegemea ukuta pembeni yangu.

"Mtoto ameshatobolewa kisigino?"

"Bado. Nasubiri kusikia."

"Mama yake wamemwuliza maswali gani?"

"Hawamwulizi kitu."

Alifikiri. "Hata jina lako?"

"Hata langu."

Tukasubiri. Ndani kulikuwa na sauti za beseni na maji, mtu akimsifia mtoto nywele. Kisha kimya kifupi, ambacho safari hii sikukihesabu kuwa jibu la kitu chochote. Halafu kilio kikatoka, kikali, cha hasira, kikapita dirishani mpaka kwenye bomba.

"Tayari," alisema Lugano, akafungua chupa yake akanywa maji.